Bega la Baba Yako

Tukuyu, Jumamosi, saa nane mchana

Gwakisa mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Bulyaga kumuaga shangazi yako, na mimi nimekuambia nabaki kupiga pasi nguo zako. Nimekudanganya. Nguo nilizipiga pasi jana, ziko kwenye begi, na pasi yenyewe imepoa tangu asubuhi. Nilitaka uondoke nipate kuandika. Kama ninavyomjua shangazi yako, atakukalisha kwa ndizi na maziwa ya mgando, kwa hiyo nina kama saa tatu. Ukirudi nitakupa barua hii mkononi, uisome hapa hapa nyumbani, mimi nikiwa jikoni. Sitaki uisomee kwenye basi ukiwa umeshapita Uyole, mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunitukana.

Naandika kwa mkono. Unajua mama yako ni mpiga chapa, na taipureta yangu unaiona kila siku pale juu ya kabati chini ya kitambaa. Leo sitaigusa. Utaelewa mbele.

Mambo ya kushika begi vizuri ukifika Ubungo, ya kutokula vya watu usiowajua, ya kuandika barua kila mwezi, umeshaambiwa na kila mtu, mpaka muuza maandazi. Mimi nina jambo moja. Nimelikalia miaka minane. Linahusu bega la baba yako na mtu aliyelipeleka kwa wakubwa wa kiwanda.

Wewe unamjua mtu huyo. Tangu uko shule ya msingi umeambiwa ni Mwalimu Sefu, fundi cherehani wa mtaa wa Bagamoyo hapa mjini, aliyekuwa kocha wa timu ya kiwanda. Ukaacha kumwamkia. Nimekuona mara nyingi ukivuka barabara usipite mbele ya kibaraza chake, nikanyamaza. Basi soma taratibu, mwanangu. Si yeye. Ni mimi.

Sasa nimeshaandika, na mkono haukukatika. Nilidhani ungekatika.

Baba yako umemjua akiwa tayari ni mtu wa kukaa kimya. Umemjua wa kupalilia migomba, wa kusikiliza mpira redioni halafu kuizima kabla haujaisha. Mimi nilimjua Asajile mwingine. Alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha chai, na usifikiri nampamba kwa sababu amekufa. Alikuwa akidaka mpira, anapiga hatua mbili, anaurusha kwa mkono mmoja, na mpira unavuka mstari wa katikati ya uwanja na kumkuta mshambuliaji mguuni. Wengine wote walipiga teke. Yeye alirusha. Wachumaji walishusha vikapu vyao vya majani wakasimama pembeni mwa shamba ili waone mkono ule mara moja, na manyapara hawakuwafukuza kwa sababu nao walikuwa wanatazama. Mashabiki wa Mbeya walikuja huku kwenye mvua yetu, wakalowa, wakarudi kwao wamefungwa na bado wanausifia.

Wewe unarusha vile vile. Hukufundishwa, maana alipoacha kurusha ulikuwa mdogo. Siku ya kwanza nilipokuona unarusha pale uwanja wa shule niliingia ndani nikajifungia. Uliniuliza naumwa nini, nikasema kichwa.

Zamani, kiwanda kilipokuwa cha serikali, wachezaji walikuwa wafanyakazi kama wengine. Baba yako aliandikwa kwenye daftari la wapanga magunia, akapewa ruhusa siku za mechi, na hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyekuwa na kingi. Halafu kiwanda kikauzwa. Wakaja wenye kiwanda wapya na meneja mpya, na lugha mpya ya kupunguza hiki na kubana kile. Walipunguza wapishi, walinzi, walimu wa chekechea. Timu hawakuigusa. Timu iliandikwa jina la chai yao kifuani, na kila Jumapili uwanja ulijaa, na kiingilio sasa kililipwa.

Kulipa kiingilio kulimfungua macho baba yako. Aliona watu wakilipa kutazama mkono wake, na yeye mwisho wa mwezi anachukua mshahara wa mpanga magunia. Wakati huo huo timu moja ya Mbeya ikamtaka. Akaenda ofisini akasema kwa adabu zake zote: nilipeni kama mchezaji, au niacheni niende. Wakamwambia hatuwezi kukulipa hivyo, na hatuwezi kukuacha, una mkataba. Akagoma kuingia uwanjani Jumapili mbili. Ya pili timu ilifungwa nyumbani, na wafanyakazi wakaanza kurushia mawe bati la ofisi. Hapo ndipo meneja alipokubali usuluhishi.

Utaratibu aliouleta ulikuwa mgeni kwetu. Huku kwetu watu wakigombania kitu, wazee wanakaa, wanakata katikati, kila mmoja anaondoka amenuna kidogo na maisha yanaendelea. Meneja alisema hapana. Kila upande utaandika kiasi kimoja cha mshahara kwenye bahasha. Msuluhishi atasikiliza pande zote, kisha atachagua bahasha moja. Katikati hakuna. Wote tuliona ni haki, hata baba yako. Hatukuelewa kwamba kwa utaratibu huo njia ya kushinda ni moja tu, nayo ni kumfanya mwenzako aonekane hafai kabisa. Kiwanda kilikuwa na kipa bora kuliko wote, kikatumia siku nzima kuthibitisha kwamba ni mbovu. Na kesho yake kilimtaka aingie uwanjani akadake.

Msemaji wa baba yako alikuwa Mwalimu Sefu. Alipokea posho ya ukocha kutoka kiwanda kile kile, na alijua wazi kwamba akisimama upande wa mchezaji posho itakatwa. Alisimama. Tukumbuke hilo, mimi na wewe, kabla sijaendelea.

Na mimi nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya utumishi. Niliyeandika mwenendo wa kikao, neno kwa neno, nilikuwa mimi, mke wa mlalamikaji. Niliwaambia haifai. Ofisa utumishi akacheka: "Mama Gwakisa, wewe ni wa ofisi au wa nyumbani?" Nikajibu ni wa ofisi. Nilijibu kwa majivuno, mwanangu. Nilisoma kozi Mbeya kwa jasho la bibi yako, nilikuwa napiga bila kutazama vidole, na katika ukoo wetu mzima hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa na meza yenye droo.

Sasa njoo kwenye bega.

Miezi kama minne kabla ya mgogoro, baba yako alianguka vibaya kwenye mechi. Aliamka akacheza mpaka mwisho. Usiku ule hakulala. Usiku wa pili hivyo hivyo. Asubuhi hakuweza kuinua mkono wa kulia, mimi nilimchana nywele na kumvalisha shati, na wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka unacheka ukidhani tunataniana. Zahanati ya kiwanda hakutaka hata kuisikia. "Nikionekana pale tu, kesho wanaweka kipa mwingine," alisema. Tuliojua tulikuwa watatu: yeye, mimi na Mwalimu Sefu, ambaye alikuja jioni kumchua kwa mafuta.

Nilimhurumia. Naomba uamini hilo, kwa sababu ndilo la mwisho jema nitakalosema juu yangu. Nilitaka apate dawa. Na kule zahanati dawa haitolewi bila cheti kutoka ofisi ya utumishi, na vyeti niliandika mimi. Basi siku moja wenzangu wakiwa kwenye chai nikachomeka karatasi kwenye taipureta nikamwandikia mume wangu cheti. Ningeweza kuandika "maumivu ya mwili", mganga angetoa dawa ile ile. Lakini fomu ilikuwa na nafasi ya maelezo, mistari minne, na mimi sikuwa mtu wa kuacha mstari mtupu. Nikaandika vizuri, kwa Kiswahili safi: bega la kulia, maumivu humwamsha usiku, hulalia ubavu wa kushoto tu, asubuhi hawezi kuchana nywele, na husaidiwa kuvaa shati. Nikaisoma, nikafurahi ilivyokaa.

Chini ya karatasi ile kulikuwa na kaboni, na chini ya kaboni nakala. Nakala ya kila cheti iliingia kwenye jalada la mfanyakazi. Niliiweka mwenyewe. Vidole vilifanya kazi yao ya kila siku, wala sikufikiri lolote.

Dawa nikaipeleka nyumbani nikamwambia baba yako kwamba ameileta Mwalimu Sefu, ni dawa ya ndugu zake wa pwani. Nilimwendea Sefu kabla nikamwomba aseme hivyo akiulizwa, nikamweleza imetoka wapi. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Sawa, shemeji, ilimradi apone." Baba yako alipona kiasi. Akaendelea kurusha. Uwanjani hakuna aliyejua.

Wiki moja kabla ya kikao, ofisa utumishi aliniletea maelezo ya kiwanda niyapige chapa. Nilikuwa ukurasa wa pili nilipoyaona maneno yangu. Yote, kama nilivyoyapanga. Walikuwa wamefungua jalada.

Nilisimama. Ofisa utumishi alikuwa mlangoni ananitazama, nadhani alisubiri kuona nitafanya nini. Hakunitisha. Alisema tu, "Ile orodha ya wanaopunguzwa bado haijafungwa, Mama Gwakisa. Umalize hiyo kabla ya saa kumi." Nikakaa. Nikamaliza saa tisa na nusu, bila kosa hata moja.

Kwa miaka nimejiambia kwamba ni orodha ile iliyonifunga mdomo. Kwamba niliwaza, hata Asajile akishindwa, mshahara wangu utabaki, mtoto atasoma. Ni kweli niliwaza hivyo. Lakini leo nimeapa kuandika yote, basi na hili liandikwe. Nilikuwa na siku saba. Ningeweza kumwambia kitandani, ningeweza kumwambia Sefu ajiandae na jibu, ningeweza kuupoteza ukurasa ule. Sikufanya hata kimoja kwa sababu sikutaka baba yako ashinde. Akishinda, nilijua kiwanda hakitamlipa, kitamwachia Mbeya. Na Mbeya kulikuwa na wale wanawake waliokuja uwanjani na miavuli, wanaoliita jina lake kama la kaka yao. Nilijiona nikibaki hapa na jiko la kuni na mtoto, naye akirudi mara moja kwa mwezi na zawadi ya mkate. Nilimtaka hapa. Nilimtaka awe mdogo kiasi cha kunitosha. Nilimpata hivyo hivyo, na sikumtaka tena.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa wafanyakazi. Msuluhishi alikuwa hakimu mstaafu kutoka Mbeya, mzee mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Tuligawiwa chai ya kiwanda yenye maziwa, sote, kana kwamba ni harusi. Mwalimu Sefu alizungumza vizuri sana asubuhi ile. Alisimulia mechi moja baada ya nyingine, hana karatasi, na watu waliochungulia madirishani walikuwa wakimsaidia kutaja nani alikosa penalti.

Halafu mzee akamgeukia baba yako. "Na wewe mwenyewe, kijana. Unasemaje? Wewe ndiye kipa bora mkoa huu?"

Baba yako akasimama, mikono ameishika mbele, kichwa ameinamisha kidogo. Unajua tulivyolelewa. Unasimamaje mbele ya mtu mwenye mvi ukajisifu? Bibi yako angefufuka ampige kofi. Akasema, "Wapo wanaonizidi, mzee. Mimi ni mfanyakazi tu."

Madirishani watu walicheka, maana kila mmoja alijua ni adabu. Lakini karatasi haijui adabu. Nikaandika: Mlalamikaji amekiri wapo makipa wanaomzidi. Neno "amekiri" nililiweka mimi. Ndivyo tulivyofundishwa kozini, mtu akijibu swali la hakimu anakiri au anakana. Baadaye nililiona neno hilo kwenye uamuzi, limepigiwa mstari.

Mchana ofisa utumishi akasoma ukurasa wa pili. Alisoma polepole. "Maumivu humwamsha usiku. Hulalia ubavu wa kushoto tu. Husaidiwa kuvaa shati." Hayo ni mambo ya chumbani, Gwakisa. Mtu akisomewa hayo mbele za watu ni kama amevuliwa nguo. Baba yako hakumtazama msomaji. Aligeuka taratibu akamtazama Mwalimu Sefu. Na Sefu akanitazama mimi.

Ilikuwa mara moja tu. Alielewa yote pale pale, niliona anaelewa: cheti, jalada, kaboni. Vidole vyangu vilikuwa bado vinagonga. Kisha akashusha macho, akafuta miwani kwa ncha ya kanzu yake, na baba yako aliyekuwa anamtazama akaona mtu anayeshindwa kumwangalia usoni.

Mzee alichagua bahasha ya kiwanda.

Nyumbani baba yako aliniuliza, "Ulijua watasoma yale?" Nikasema nililetewa asubuhi ile ile, muda wa kumwambia haukuwepo. "Ni Sefu, siyo?" Sikusema ndiyo. Nimejificha nyuma ya hilo miaka minane, kwamba sikusema ndiyo. Nilichukua kata nikamtilia maji ya kunawa, naye akanawa, na jambo likawa limekwisha kuamuliwa.

Halafu wakaubandika mwenendo wa kikao kwenye ubao wa matangazo, kurasa zote, kwa wafanyakazi kujisomea. Walisoma. Na timu nyingine zikasikia. Tangu hapo kila mshambuliaji aliyekuja hapa alijua mpira uende juu upande wa kulia, na wakati wa kona walikuwa wakimparamia bega lile. Baba yako aliacha kurusha. Akaanza kupiga teke kama wengine. Watu walisema bega limekufa, lakini mimi nililala naye, najua bega lilikuwa linaendelea kupona. Kilichokufa ni kingine. Kila akiinua mkono alikuwa anausikia ule ukurasa ukisomwa. Msimu ulipoisha wakamwambia aende popote anapotaka. Mbeya nao hawakumtaka tena, walikuwa na nakala.

Na mimi? Orodha ilipofungwa jina langu lilikuwemo, la nne kutoka juu. Niliipiga chapa mwenyewe. Walinipa ile taipureta iwe sehemu ya mafao.

Nilikwenda kwa Mwalimu Sefu mara moja. Alikuwa amepoteza posho, na watu walishaanza kuzipeleka nguo zao kwa mafundi wengine. Waliobaki nao wakahamia kwenye mitumba. Walisema amekula huku na huku. Nilimkuta anatia kiraka suruali ya mtu. Nikamwambia nitasema ukweli. Akazima redio. "Shemeji," akasema, "ukisema, huyu bwana atabaki na nani? Rafiki atapata mwingine. Mimi nina wanangu na msikiti wangu. Yeye ana wewe na yule mtoto. Kaa kimya, lea." Nikaondoka pale nimepewa ruhusa, na nimeitumia mpaka ikachanika. Unajua nilimlipaje? Nilimchukia. Nilimchukia kwa wema wake, kwa sababu kila nikimwona nilijiona mimi. Watu walipomsengenya mbele yangu niliitikia.

Baba yako alipolala hospitali na ile homa ya mapafu, siku mbili kabla hajafa, alinishika mkono akasema, "Sefu asije kwenye msiba wangu." Nilikuwa peke yangu naye. Mlango umefungwa. Mtu anakufa, ananiomba nimzuie rafiki yake pekee, na mimi najua. Nikasema, "Haya." Hata wakati ule. Usinitafutie udhuru, nimeshautafuta mimi, haupo.

Na msibani ulisimama wewe. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Sefu alikuja na kofia yake mkononi, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, akafika pale njia inapoingia kwenye migomba yetu, ukamzuia kwa mkono mbele ya watu wote. Ukamwambia, "Wewe uliyemuuza baba, rudi." Mtu mzima yule, anayekuzidi kwa miaka arobaini, akakujibu, "Haya, baba," akageuka. Wanaume waliokuwa wanachimba kaburi walikusifu. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nikayasikia yote, nikajifunika kanga usoni, wakadhani nalia.

Hilo ndilo linaloniandikisha leo. Makosa yangu na baba yako yamezikwa, nitajibu mbele ya Mungu. Lakini wewe nilikutia kosa mkononi ukiwa mtoto, ukalirusha kwa nguvu zako zote ukidhani ni haki. Ni langu, na unaondoka nalo kesho.

Huko Dar es Salaam timu itakuwekea karatasi usaini. Watakusifu siku hiyo. Siku utakapodai zaidi watatoa jalada, na ndani yake utakuta mambo ambayo hukuwaambia. Usikimbilie kumtazama aliyesimama upande wako. Na ukiulizwa na mtu yeyote, hata mwenye mvi, kama wewe ni kipa bora, sema ndiyo. Utaona aibu. Sema hivyo hivyo. Baba yako alikuwa bora, na hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo, kwa sababu mwenye kuandika nilikuwa mimi.

Kitu kingine. Ile jezi ya kijani yenye sponji kwenye viwiko na mabegani, niliyokuambia nimeichagua kwenye mitumba Mbeya, si ya mitumba. Geuza ndani utazame mshono. Sefu alinipa mwezi uliopita akaniambia, "Mwambie umenunua." Bega la kulia ameweka sponji mara mbili.

Nasikia mvua imepungua, utakuwa njiani. Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kulala kwa shangazi yako, begi liko tayari, nitalileta stendi mwenyewe. Ukitaka kunipigia kelele, nipo jikoni, sitajibu. Barua hii haina nakala. Ukiitia motoni, imekwisha. Ukiipeleka ikasomwe mbele ya watu, sitakana.

Kesho saa kumi na mbili Sefu atakuwa stendi. Amekuwa akija kila mara timu ya shule yenu iliposafiri, anasimama ng'ambo ya barabara karibu na kituo cha mafuta, nyuma ya watu, anajifanya anasubiri abiria. Wewe hukumwona kwa sababu hukutaka. Mimi nilimwona kila mara. Nimemwambia saa na jina la basi.

Mimi nitakuwa upande wa huku, na begi. Yeye upande wa kule. Kama moyo wako utakuwa na salamu moja tu asubuhi hiyo, mwanangu, nipite. Vuka barabara.

Mama yako